Mkorosho wa Debe

Harufu ya salfa hunikuta mahali ambapo salfa haipo. Juni ikiingia, huku Njombe ninakofanya kazi ya uuguzi, nikifungua dirisha alfajiri baridi ikanipiga usoni, pua yangu inaletewa ule unga wa njano unaonuka kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Watu wa Nachingwea na Ruangwa wanaujua vizuri. Wakati wa kipupwe, umande unapolala juu ya majani na ugonjwa wa ubwiriunga unapoyapaka maua ya mikorosho weupe kama wa majivu, watu huamka kabla ya jua wakabeba mashine mgongoni na kupuliza salfa huku upepo bado umelala. Utotoni mwangu, kijiji chetu cha Kiegei kizima kilikohoa asubuhi hizo. Mashine zilinguruma huku na huko mashambani, nguo zote zikanuka, hata uji ukawa na ladha ya salfa. Watoto wa wenye mikorosho walikuja shuleni macho mekundu, na mimi niliyaonea wivu macho yale, kwa sababu yalionyesha kwamba kwao kuna miti.

Sisi tulikuwa na mkorosho mmoja tu, na huo uliishi ndani ya debe. Mama alikuja kutoka ng'ambo ya Ruvuma, Mmakonde wa kule Msumbiji, na baba alipotutoka tulibaki wawili kwenye shamba la kuazima. Mwenye shamba alikuwa Bi Somoe, Mmwera wa Kiegei hasa, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, aliyerithi ardhi ile kutoka kwa mama yake. Alitupokea vizuri. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Bi Somoe alitupa jembe, akatupa na mbegu za ufuta na mbaazi za kuanzia. Kitu kimoja tu hakutupa, wala hatukukitarajia, nacho ni ruhusa ya kupanda mti. Mtama unavunwa ukaisha, lakini mkorosho unakaa hata kumzidi aliyeupanda, na kwetu mwenye mkorosho ndiye mwenye ardhi. Aliyeazimwa shamba hapandi mti. Hakuna aliyehitaji kuiandika sheria hiyo, maana hata mtoto wa darasa la kwanza aliijua.

Lakini mama alikuwa amekuja na korosho mbichi ya mti wa baba yake, ameifunga kwenye pindo la kanga, na hakuwa tayari kuila wala kuitupa. Akaitia kwenye debe la mafuta ya kula lililojazwa udongo, ikaota. "Huu haujapandwa," aliniambia. "Umekaa tu, kama sisi." Alingoja siku tutakayopata pa kwetu. Mti nao ukangoja, ukanenepa shina badala ya kurefuka, majani yakawa madogo kuliko ya wenzake, ukafanana na mzee mfupi. Kila kipupwe tuliuingiza ndani jioni, tukauweka karibu na mafiga upate joto na usilowe umande, maana mti wa kwenye debe hauna pa kujitetea. Isitoshe, mavuno yakishaisha mbuzi huachiwa, na mbuzi wa Kiegei hawakuwa na adabu. Asubuhi tuliutoa tena. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bi Somoe alikuwa akituona tunahangaika na debe lile, anacheka mpaka anashika ubavu. "Mama Paska, mwenzangu unalea mtoto wa pili huyo! Utamtafutia na mchumba?" Mama naye alicheka. Walikuwa marafiki, na hilo ndilo lililofanya yaliyofuata yawe magumu kwa wote.

Mwaka mmoja mama aliugua mgongo tangu mvua zinakatika, na mimi peke yangu sikuuweza mzigo. Tukauacha mti ukutani upande wa jua, tukauzungushia miiba kwa ajili ya mbuzi, jioni tunaufunika gunia. Nilitegemea utakufa. Badala yake ukachipua. Majani yakawa mapana, yakang'aa, na kipupwe kilipoanza ukatoa ua, la kwanza maishani mwake, lenye ile harufu tamu inayokaribia kuchosha. Niliruka ruka. Mama alilitazama ua lile kwa muda mrefu, na mimi nikadhani ni furaha.

Bi Somoe alikuja asubuhi moja, vumbi la salfa limemganda kwenye nyusi, kupumzika kidogo kabla ya kuendelea na mikorosho yake. Akausifu mti. Mama, ambaye mgongo ulikuwa umeanza kupata nafuu, akamwomba amsaidie kulisogeza debe ndani. Wakashika huku na huku, wakahesabu, wakanyanyua. Debe halikunyanyuka. Wakajaribu tena, wanacheka, wakidhani ni udhaifu wa mama. Mara ya tatu bati likalia, kutu ikamwagika chini, na Bi Somoe akaacha kucheka. Akapiga magoti, akafukua kwa vidole pembeni ya debe. Kitako kilikuwa kimeliwa chote na kutu. Mzizi mnene kama mkono wangu ulikuwa umepita hapo, umeingia ardhini kwake.

"Umeshuka," alisema.

"Sikuupanda, dada. Mungu anajua."

"Mungu anajua, nami najua." Bi Somoe alikaa chini palepale kwenye vumbi. "Lakini kaka zangu wanakuja kupuliza upande huu. Wataona mkorosho wenye maua, umesimama kwenye ardhi ya mama yetu, mbele ya mlango wako. Watasema Somoe amegawa shamba la ukoo. Watawatoa hata kabla ya mbaazi kukomaa, na mimi sitakuwa na neno."

Mbaazi zile ndizo zilizokuwa chakula chetu chote mpaka mvua nyingine. Mama hakubishana. Aliingia ndani akatoka na panga, akanitazama, akaniambia nishike shina ili lisiyumbe. Nikakataa. Nililia, nikamwita Bi Somoe mchoyo mbele yake, neno ambalo siku nyingine lingenipatia kofi. Hakuna aliyenipiga. Bi Somoe mwenyewe ndiye aliyelishika shina, akageuza uso pembeni, na mama akaukata mzizi kwa panga pale ulipoingia ardhini. Maji meupe yalitoka kwenye kidonda. Lile ua mama alilikata pia, akisema mti mgonjwa hauwezi kunyonyesha.

Majani yalianguka yote. Kipupwe kizima mti ulikaa kando ya mafiga kama fimbo iliyochomekwa, kwenye debe jipya alilolileta Bi Somoe kichwani bila kusema limetoka wapi. Kila asubuhi alipita, salfa nguoni, akamimina maji kidogo ya kwenye kata, akakwaruza gome kwa ukucha kuona kama ndani bado ni kijani. Mimi sikumwamkia. Nilimchukia kwa moyo wote, na chuki ya mtoto ni kazi nzito, inachosha mwili. Kaka zake walikuja, wakapuliza, wakapita. Tukavuna mbaazi. Mvua za kwanza zilipogonga bati, chipukizi jekundu lilitokeza ubavuni mwa shina, na Bi Somoe ndiye aliyeliona kwanza. Akapiga kigelegele peke yake uani kwetu. Hapo nikamwamkia.

Tangu mwaka ule, kila kipupwe mama aliung'oa mti kwenye debe, akapunguza mizizi kwa kisu, akaurudisha. Ndiyo maana haukukua. Watu wa mjini wanaokuja kwangu huniuliza nilisomea wapi ufundi wa kufanya mti mzima utoshe kwenye ndoo, nami huchoka hata kueleza. Nilipopangiwa kazi huku, mama alinikabidhi mti huo. "Wewe utapata kiwanja," alisema, "uuweke chini." Nikapata kiwanja, na hati ninayo. Ningeweza kupanda miti mpaka ukutani kwa jirani na asije mtu wa kuniuliza. Lakini hapa Juni na Julai sakitu huyagandisha majani usiku, asubuhi nyasi zote ni nyeupe, na tawi moja nililolisahau nje mwaka wa kwanza liliiva likawa jeusi kama limechomwa. Kwa hiyo nikitoka zamu ya usiku nautoa kwenye jua, jioni nauingiza jikoni karibu na jiko la mkaa, na majirani wanasema muuguzi analala na mti. Waseme. Mgongo wangu sasa unauma palepale ulipomuuma mama.

Juzi nilimpigia simu. Bi Somoe alishafariki, shamba liko kwa wapwa zake, na mama bado analima palepale. Niliwahi kumtafutia ardhi hata Likunja, upande wa Ruangwa. Tuliambiwa ya ukoo haiuzwi, ila tukitaka kuazima, karibuni. Nikamwambia nimechoka, kwamba likizo hii nakuja na mkorosho, huku unateseka bure, kwao ni huko.

Nikasikia kuku wake, na mbali nyuma yao mashine ya salfa.

"Njoo nao, mwanangu," akasema. "Tutaupanda wapi?"

Jua la Njombe lilikuwa linazama na baridi imeshaanza kutambaa sakafuni. Nikamuaga, nikafungua mlango wa nyuma, nikainama, nikaikumbatia ndoo na kuuingiza mti ndani.