Mfuko Usio na Mdomo

Wifi yangu ni mkunga mkuu, na wodini wanamwita Nipo. Umwite akiwa chooni, umwite akiwa na tonge mdomoni, jibu ni hilohilo: nipo! Kaka yangu anaapa kwamba hata usingizini hujibu hivyo, na aliyelia ni paka. Mimi ni fundi cherehani, sina subira na watu wanaojifanya chuma, na huyu nilimtazama akikonda mpaka magauni niliyomshonea yakampwaya.

Wodi yake inasifika. Wajawazito hupita hospitali nyingine wakimfuata yeye. Lakini sifa ile ilikuwa ikimla. Hata siku za mapumziko alirudi nyumbani na simu ya wodi, ikalia huku anakoroga mboga, ikalia huku anaoga. Ukimwambia apumzike, anakuuliza akilala yeye nani atakuwa macho. Utadhani kabla yake watu walikuwa hawazaliwi!

Asubuhi moja, siku ya mapumziko hiyohiyo, akaniletea gauni lake la kazi. Alitaka nimpanulie mfuko uingie simu mbili, yake na ya wodi. Macho mekundu, akajibwaga kwenye kiti cha wateja kusubiri. Nikamuuliza kwa utani siku hizi wanazaliwa wengi wa kike au wa kiume. Hakucheka.

"Wifi," akasema, "siku hizi mtoto akilia sisikii furaha. Nasikia kazi."

Moyo ulinipasuka. Huyu ndiye aliyekuwa akirudi nyumbani anatuigizia vilio vya watoto, huyu analia kama mbuzi, huyu kama mlango mbovu, mpaka tunashika mbavu. Furaha ile ikizimika, ama ataacha ukunga alioupenda tangu usichana, ama atabaki wodini kama kivuli. Sijui lipi baya zaidi.

Nikaweka gauni chini ya sindano, na kwa hasira nikaushona ule mfuko mdomo wote, kazi safi. Nilipoinua kichwa, wifi alikuwa ameshalala, shavu juu ya robota la kitambaa. Simu ya wodi ikalia. Nikapokea mimi, Mungu anisamehe. Alikuwa msaidizi wake: vitanda vimejaa, kaletwa mama mwingine, Mkuu anasemaje? Nikamwambia Mkuu amelala, yeye mwenyewe angefanyaje? Akanieleza hatua kwa hatua, na nusu yake sikuielewa. Nikamwambia afanye hivyohivyo, akikwama amwite daktari. Nikakata.

Wifi alipoamka nikamweleza, nusura anirushie mkasi. Akapiga wodini. Mama yule alikuwa ameshajifungua salama, na msaidizi alifuata kila alichofundishwa. Na nani? Na wifi mwenyewe. Akavuta gauni lake, akataka kutia simu mfukoni, haikuingia.

"Wodi ina wakunga wengi," nikamwambia. "Kaka yangu ana mke mmoja."

Alicheka, kisha akalia, nami nikalia naye. Mfuko ule hajaufumua mpaka leo. Simu ya wodi sasa inalala wodini, kwa aliye zamu. Ukali wake haujapungua, mtu akizembea anawaka vilevile. Ila msaidizi amepata kauli, na wifi amenenepa, namshukuru Mungu, nimeshaanza kuyapanua yale magauni.

Mwezi uliopita binti yangu alishikwa na uchungu, na wifi alikuwa mapumzikoni. Alikuja na mtandio wake na chupa ya chai, akaketi nasi kwenye benchi nje ya wodi. Kila mlango ulipofunguka alitaka kuinuka, nikawa namvuta mkono. Mara tukasikia kilio. Wifi akaziba mdomo kwa mtandio, machozi yakimtiririka.

"Umesikia?" akaninong'oneza. "Huyu analia kama tarumbeta."

Nikamkumbatia, nikashukuru. Msaidizi akachungulia mlangoni, akauliza kama Mkuu yupo, aingie kutazama.

"Mkuu hayupo," wifi akamjibu. "Hapa yupo bibi tu. Nileteeni mjukuu wangu."