Jiwe Lililonuka Nguruwe

Kila Septemba wanaume wa kijiji chetu hulitoa jiwe kanisani, wakalipaka mafuta ya nguruwe ling'ae, kisha wakapanga foleni kulibusu. Halifutwi, ng'o. Mate ya Bartolo mwenye meno mabovu, mate ya padri, yote pale pale. Mimi huziba pua. Jiwe lenyewe ni la mlima wetu, na tangu enzi za mababu tunajigamba kwamba Warumi walichukua mawe hapa kujengea dari ya hamamu, nyumba yao ya kuogea, iliyobomoka kule bondeni.

Ersilia, binti wa kaka yangu Oreste, alitumwa na chuo chake cha Roma kuhakikisha jambo hilo. Hukata jiwe likawa jembamba hadi mwanga upite, akazitazama chembe zake, akajua limetoka volkeno gani. Hii ilikuwa kazi yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Akiboronga, nani atamwamini tena?

"Mawe ya dari yana punje nyeupe, shangazi," aliniambia jikoni, akimenya vitunguu. "Ya mlima wetu hayana. Yale yaliletwa kwa meli kutoka volkeno ya Vesuvio."

"Usimwambie baba yako kabla hajala."

Kumbe Oreste alikuwa nyuma ya mlango. Masikio yake marefu tangu utotoni.

Ersilia akarudi Roma na mfuko wake wa vipande alivyovitoa kwenye dari ile. Siku chache baadaye akanipigia simu. Alikuwa ametia kipande kimoja kwenye tanuri la maabara kikauke, chumba kizima kikanuka nguruwe wa kukaanga. Wenzake walicheka hadi wakatokwa machozi. Yeye alikitoa, akakifunga kwenye karatasi. Jiwe lililokaa darini miaka elfu mbili litoe wapi mafuta ya nguruwe?

Sikukuu ilipofika, alikuja. Oreste, midomo inameremeta, akamshika mkono.

"Njoo ubusu, mwanangu. Watu wanakutazama."

Ersilia akainama, akanusa, akafungua kiganja. Kilikuwa na kipande kilichoungua. Akaligeuza jiwe, upande waliouelekeza ukutani, akakiweka kwenye pengo. Kikakaa sawasawa. Bartolo akakohoa. Hakuna aliyeuliza nani kalivunja. Walijua, wote walijua, na hilo lilinichefua kuliko mate yao.

"Nilifanya vile kukukinga," Oreste akasema kwa sauti ya chini. "Hapa wangekuita msaliti."

"Na huko kwingine kote wangeniita mwongo, baba."

Jioni alibeba begi lake. Kaka yangu akamfuata hadi mlangoni, akanyoosha uso ambusu shavuni, kama alivyozoea kumuaga tangu binti alipokuwa mtoto. Ersilia akampa leso.

"Futa mdomo kwanza."

Akafuta, akafuta tena, mzee mzima. Ersilia akampa mkono, si shavu.