Sabuni wa Baraza

Wewe unayesoma hapa, umewahi kubana mkojo kuanzia alfajiri hadi saa kumi jioni, huku unacheka na wateja na kuwaapia kwamba nyanya ni za leo? Kama hujawahi, usiharakishe kusema mambo ya vyoo si mambo ya kuandikwa. Wanawake wa soko letu waliishi hivyo miaka saba. Choo kilikuwepo, tena cha matofali, milango minne na tangi juu ya paa. Siku moja akaja mtu na kufuli kubwa kama ngumi, akabandika na karatasi: KIMEFUNGWA KWA UKARABATI. Karatasi ikaoza, ikadondoka. Kufuli likabaki. Aliyebanwa alivuka barabara kwenda hotelini, na mwenye hoteli alikuwa na sharti lake: choo ni cha wateja, nunua chai kwanza. Hebu mfikirie mtu anayelazimishwa kunywa chai ili aruhusiwe kukojoa. Saa moja baadaye yuko wapi? Yuko njiani tena, anavuka barabara.

Kisa hiki ni cha karani aliyeyaandika mateso hayo yote. Aliyaandika vizuri mno, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa karani wa vikao vya baraza la mji. Mtu mwembamba, mpole, shati lake limenyooshwa pasi hadi mkunjo wa mkono ungeweza kukata mkate, na mfukoni kalamu mbili: ya bluu ya kuandikia, nyekundu ya kujikosoa. Madiwani walimwita Sabuni, naye aliitika bila kinyongo. Jina lilitokana na kazi yake, kwani neno lolote chafu lililoingia katika daftari lake lilitoka limetakata. Diwani akimwambia mwenzake, "Tumbo lako limekula barabara nzima, umetuachia kona tu," muhtasari ulisomeka: "Mheshimiwa aliomba ufafanuzi kuhusu maendeleo ya barabara." Mwingine akipiga meza na kusema mhandisi ni mwongo tangu tumboni mwa mama yake, muhtasari ulisomeka: "Wajumbe walibadilishana mawazo na mhandisi."

Hakuanza hivyo. Mwaka wake wa kwanza aliandika kila kitu kama kilivyosemwa. Kikao kilichofuata, aliposimama kuusoma muhtasari ili wajumbe wauthibitishe, viti viwili vilivunjika na diwani mmoja akatoka ukumbini na kiatu kimoja. Mkurugenzi wa wakati ule akamwita pembeni. "Kijana, moto ukishazimika, kazi yako si kuupuliza. Andika kwa heshima." Kijana akalishika neno hilo mpaka akazeeka nalo. Kikaoni aliandika mbio mbio, neno kwa neno, katika daftari la mkono. Baadaye alikaa ofisini kwenye mashine akachapa muhtasari safi. Muhtasari ukishathibitishwa, kanuni ilitaka daftari la mkono lichomwe. Hiyo ndiyo kanuni pekee aliyowahi kuivunja maishani mwake. Roho yake haikukubali kuchoma maandishi. Aliyarundika madaftari nyumbani, magunia mawili juu ya kabati, na mke wake hakuchoka kumsema.

"Baba, wanaume wenzako wanaficha pesa. Wewe unaficha matusi ya watu."

Sasa, karani huyu alikuwa na dada yake mkubwa sokoni, meza ya tatu kutoka langoni, nyanya na vitunguu. Mama yao alipofariki, dada alikuwa na miaka kumi na sita na mdogo wake saba. Meza hiyo ndiyo iliyomsomesha. Dada alikuwa na kicheko kipana na ulimi usiojua breki, na mara kwa mara, baraza lilipoweka siku ya wananchi, alifunga khanga yake kiunoni akaenda kusema. Mwananchi hupewa dakika tatu. Yeye alizitumia zote, na za jirani yake. Katika miaka saba alisimama mara tisa, na mara zote tisa alisema jambo moja: tufungulieni choo.

Mara ya kwanza alipotamka mkojo mbele ya wanaume ishirini wenye tai, karani alitamani sakafu ipasuke immeze yeye na meza yake. Aliandika yote daftarini. Lakini alipokaa kwenye mashine vidole viligoma. Dada yake, aliyemlea, abaki katika faili la serikali milele na milele akiwa amebana mkojo? Haiwezekani. Akachapa: "Mkazi mmoja alilishukuru baraza na kutoa maoni kuhusu mazingira ya soko." Akasoma, akaridhika, akahisi amemfunika dada yake shuka. Akafanya hivyo mara tisa.

Jumatatu moja mkurugenzi akamletea ajenda ya kikao cha Alhamisi aichape. Akachapa ya kwanza, ya pili, akafika ya sita: jengo la choo cha soko libadilishwe liwe ghala la kuhifadhia viti na maturubai ya sherehe za baraza. Sababu ilikuwa chini yake: *kwa miaka saba, kumbukumbu za vikao hazionyeshi lalamiko hata moja.*

Alisoma mara tatu. Kisha akafunga ofisi mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya, akaenda sokoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona uso kama umemeza limau?"

Akamweleza. Dada alikuwa anafuta nyanya moja kwa kitambaa. Mkono ukasimama.

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Mimi si nilisimama pale? Sikusema mama mja mzito alijikojolea hapa mbele ya wateja, akaacha biashara kwa haya? Nilisema au niliota?"

"Ulisema, dada."

"Na wewe ukaandika nini?"

Karani akazitazama nyanya kana kwamba zingemsaidia. "Niliandika umeshukuru."

Muuza ndala wa meza ya pili akaangua kicheko. "Umeshukuru! Labda umeshukuru kwamba kibofu hakijapasuka!"

Dada hakucheka. "Kwa nini, mdogo wangu?"

"Niliona aibu. Si aibu yangu. Nilikuonea wewe."

"Aibu ile niliibeba mwenyewe, kwa miguu yangu, mpaka mbele ya wakubwa. Sikukutuma uifue. Wewe umesoma, hujasikia kwamba mficha uchi hazai? Ulidhani unanisitiri, kumbe unaniziba mdomo." Kisha, kwa kuwa yeye ni yeye, akajaza mfuko nyanya, akaongeza na vitunguu vitatu. "Chukua, mpelekee wifi yangu. Na Alhamisi ukinikuta pale usiniamkie kama huna la kusema."

Jioni hiyo karani alipanda juu ya kiti akashusha magunia. Vumbi likamfanya mke wake apige chafya mara nne.

"Leo ndiyo umeamua kuyachoma?"

"Nisaidie kutafuta, mama watoto. Kila penye neno choo, kunja ukurasa."

Walikunja kurasa mpaka chakula kikapoa.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Wanawake kumi na wawili wa sokoni walikaa kwenye mabenchi ya wasikilizaji, dada katikati yao. Haikuwa siku ya wananchi, kwa hiyo kanuni iliwafunga midomo. Hoja ya ghala ililetwa na diwani wa soko lenyewe, mtu ambaye hadi miaka mitatu iliyopita alikuwa akishona viatu pale langoni. Watu bado walimwita Fundi Viatu, ingawa sasa vyake viling'aa hadi ungeweza kujitazama meno.

Lakini kabla ya hoja yoyote, baraza huthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Mwenyekiti, mzee mnene mwenye haraka ya chakula cha mchana, aliuliza kama alivyouliza siku zote, bila kuinua macho: "Muhtasari mmeusoma, una marekebisho?" Na wajumbe wakaimba kama darasa la kwanza: "Hauna!"

"Unayo," ikasema sauti.

Mwenyekiti akainua macho. Karani alikuwa amesimama, mkono juu kama mwanafunzi.

"Wewe tena? Unajirekebisha mwenyewe?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Mwandishi alikosea."

"Jamani, leo Sabuni imechuja rangi!" akapaza sauti diwani mmoja, na ukumbi ukacheka.

Karani akangoja wamalize. Akafungua daftari.

"Ukurasa wa nne. Palipoandikwa 'mkazi mmoja alilishukuru baraza', pasomeke hivi: 'Waheshimiwa, nina miaka sitini na miwili. Tangu mwaka juzi nimeacha kunywa maji mchana ili nisibanwe. Daktari ananiambia figo zangu zinakauka, ananiandikia dawa. Nikamwambia, daktari, dawa hiyo liandikie baraza.'"

Wengine walicheka. Akafungua daftari la pili, alilokunja na mke wake. "'Binti wa mitumba hukaa nyumbani siku nne kila mwezi, kwa sababu hapa sokoni hana pa kubadilishia kitambaa. Siku nne hauzi. Ninyi siku zenu nne za mwezi mnazipeleka wapi?'"

Hapo kicheko kilikatika. Karani akaendelea, la tatu, la nne, la tano, kwa sauti ile ile bapa aliyokuwa akisomea bajeti, wala hakuruka neno mkojo popote lilipotokea. Ndivyo dada yake alivyosema na ndivyo alivyosoma. Nami nasema, ukumbi ule haujawahi kusikia hotuba iliyo bora kuliko hiyo, pamoja na wageni rasmi wote waliowahi kupigiwa makofi ndani yake.

Fundi Viatu akaruka juu. "Taarifa, Mwenyekiti! Haya ni malalamiko ya mama mmoja, tena tunajua ni ndugu wa nani. Choo kile kinanuka, hakuna anayekitaka. Kuna mtu mwingine yeyote aliyewahi kulalamika?"

"Yupo," akasema karani. Mikono yake ilichelewa kidogo juu ya daftari lenye jalada la kijani; alikuwa ameomba moyoni lisihitajike. "Ni miaka sita sasa. Mwanamume, mshona viatu wa langoni. Nami nilimwandika kwamba alishukuru. Alisema hivi: 'Nyie wakubwa mna vyoo vya vigae ndani ya ofisi, sisi mmetufanya mbuzi. Mwenye choo chake hamjui mwenye kubana. Siku nikiingia humu, kufuli lile nitalivunja kwa nyundo yangu ya viatu.'"

Kisha kutoka kwenye mabenchi ya wasikilizaji: "Nyundo iko wapi, fundi?"

"Msikilizaji, kimya!" Mwenyekiti akafoka.

"Nimekohoa tu, Mheshimiwa," akasema dada.

Fundi Viatu alivitazama viatu vyake vinavyong'aa. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya yule wa langoni. "Mwenyekiti, naiondoa hoja. Niliyasema hayo. Nilikuwa nimesahau."

Ikapitishwa kwa mikono yote kwamba choo kifunguliwe mara moja. Karani hakuketi.

"Samahani, Mwenyekiti. 'Mara moja' niandike lini? Kwa uzoefu wangu wa hapa, mara moja huchukua mwaka na nusu."

"Ah, Sabuni! Andika kesho. Andika kesho asubuhi, tukale."

Mkurugenzi, alipokuwa akikusanya karatasi zake, aliinama akamnong'oneza: "Na hayo madaftari yaliyopaswa kuchomwa, tutaongea." Karani akajibu, "Sawa, mkuu," na ukweli ni kwamba aliogopa. Mlangoni dada yake alikuwa anamngoja. Akamwamkia. Dada akaitikia, akamrekebisha kola ya shati kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa akienda shule.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda kazini, karani alipita sokoni. Alimkuta Fundi Viatu mbele ya choo, suruali imekunjwa, nyundo mkononi, na wanawake wamemzunguka kama wanaotazama mieleka. Alikuwa ameshapiga mara tano na kufuli halijajali.

"Piga, usilibembeleze!"

"Miaka mitatu kwenye kiti laini, mkono umekuwa uji!"

Pigo la sita likaruka pembeni, la saba likalidondosha. Mlango ulilia. Ndani kulikuwa na buibui wa kutosha kufuma mashuka, na harufu iliyowarudisha wote hatua mbili. Wakaingia na fagio. Tangi lilikuwa kavu, basi wakapanga mstari kutoka bombani, ndoo zikapita mkono kwa mkono: muuza ndala, binti wa mitumba, Fundi Viatu, karani, ambaye shati lake lililonyooshwa lililowa mpaka tumboni. Kufika saa mbili, chumba kimoja kati ya vinne kilikuwa kinaweza kuitwa choo.

Nani aanze? Hakukuwa na mjadala. Dada akakabidhi meza yake kwa jirani, akajifunga khanga upya, akaingia taratibu kama bibi harusi. Mlango ukarudishwa. Mara kichwa kikachungulia.

"Komeo hakuna!"

"Basi imba, mama, tujue umo!"

Mlango ukarudi tena. Soko likatulia. Kisha sauti ikatoka ndani, nzito, isiyo na wizani hata kidogo, wimbo aliokuwa akiutunga hapo hapo alipokaa:

"Nimo, nimo, msisukume!"

Na wanawake kumi na mmoja waliokuwa kwenye foleni wakaitikia, wakipiga makofi na kubana miguu kwa pamoja:

"Maliza, maliza, tuko wengi!"