Ubao wa Funguo

Mzee Komeo alikuwa mtu wa majivuno, na hilo tuliseme mapema tusije tukamwonea huruma kabla ya wakati. Majivuno yake hayakuwa ya nguo wala ya maneno mengi. Yalikuwa ya macho. Ukimwonyesha ufunguo, akautazama kwa muda wa mtu kupiga chafya mbili, basi aliweza kukaa kwenye jiliwa lake la kubania chuma, akashika tupa, akachonga mwingine bila kuutazama tena, nawe ukaenda nao nyumbani na mlango ukafunguka. Kazi hiyo aliianza kabla binti yake hajazaliwa, na sasa binti mwenyewe alikuwa na nyumba yake.

Duka lilikuwa chumba kimoja chembamba, kati ya mshonaji na muuza rangi. Mbele kaunta, nyuma ya kaunta jiliwa na tupa zilizopangwa kwa ukubwa, na ukutani, kuanzia usawa wa goti hadi darini, ubao wa funguo. Kila ufunguo aliomchongea mtu, Mzee Komeo alichonga na nakala yake, akaitundika kwenye msumari imngoje mwenyewe siku atakayopoteza wake. Hakutoza kitu kwa hilo. Ukifungiwa nje na mvua inakunyea, ulikimbilia kwake, akapanda kwenye stuli, akakushushia ufunguo wako, mkacheka, yakaisha. Watu wa mtaa ule walilala usingizi mzuri kwa kujua funguo zao ziko kwa nani.

Kila nakala ilifungiwa kwa uzi kijikaratasi kigumu chenye jina. Si nambari ya nyumba, la hasha. Jina tu, tena lile la utani ambalo mtaa mzima ulimwita mtu: Nesi Mstaafu, Bucha, Mama Pacha.

"Mwizi akiingia humu ataondoka na jina," alikuwa akisema. "Sasa jina atalifungulia mlango gani?"

Aliona hiyo ni akili kubwa sana.

Kisha kwenye jengo jipya la njia panda ukaletwa mtambo wa kuchonga funguo. Unaingiza ufunguo wako, unangurumiwa kidogo, unapewa wa pili. Wateja wa Mzee Komeo wakaanza kupungua, hasa vijana. Binti yake, ambaye tangu utotoni alimwita Kipusa, alimpitia siku moja akamkuta anafuta vumbi kwenye tupa ambazo hazikuwa na vumbi.

"Baba, siku hizi watu hawaulizi njiani. Wanauliza simu."

"Na simu inawajibu nini?"

"Inawaambia waende kwenye mtambo."

Mzee Komeo akaweka kitambaa chini. Akakubali atengenezewe tovuti, ingawa neno lenyewe alilitamka kama dawa chungu.

Wa kwanza kupewa kazi alikuwa mpwa wa muuza rangi, kwa sababu alikuwa rahisi na alikuwa karibu. Jamani. Baada ya wiki mbili akaleta ukurasa wenye picha ya mwanamume asiyejulikana na mtu, kavaa kofia ya ujenzi, anachekea kufuli kubwa kama sufuria ya msiba. Nambari ya simu alikosea tarakimu moja, na muuza kuku mmoja huko mbali akasumbuliwa mwezi mzima na watu waliofungiwa nje. Mzee Komeo alimtumia kijana huyo salamu ambazo hatuwezi kuziandika hapa.

"Safari hii tutafute anayeijua kazi," alisema Kipusa, na akampata.

Alikuwa mwanamke wa makamo hivi, mtulivu, na alipofika hakufungua kompyuta. Alifungua daftari. "Shikamoo, mzee. Kabla sijatengeneza chochote, niambie nani anakuja kwako, na kwa nini haendi kule kwenye mtambo." Kisha akaomba kiti, akakaa pembeni ya kaunta siku mbili nzima akitazama tu watu wanavyoingia, wanavyouliza, wanavyotoka. Alisimama nje juani na simu yake kuhakikisha maandishi yatasomeka kwenye mwanga mkali. Alimwonyesha kazi alizowafanyia wengine na akampa nambari zao awapigie mwenyewe. Mzee Komeo alimchunguza, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huyu naye ni fundi," alimwambia mshonaji.

Na kweli alikuwa fundi. Ndiyo maana picha zake zilikuwa wazi vile. Alileta kamera na taa, akaupiga picha ubao wote, halafu akaitazama picha kwenye kompyuta akakunja uso.

"Mzee, haya majina yanasomeka. Na meno ya funguo yanaonekana moja moja. Niyatie ukungu kidogo?"

Mzee Komeo alicheka hadi akashika kaunta. "Mwanangu, anayeweza kusoma ufunguo kwa macho hapa nchini ni mmoja, na ndiye unayezungumza naye. Acha watu waone kazi."

Mwanamke yule akamuuliza tena kesho yake, tena kwa upole. Akajibiwa vilevile, kwa ukali kidogo. Basi akaandika kwenye daftari lake kwamba mteja ameulizwa mara mbili, amekataa.

Kwa picha ya juu kabisa, ile itakayojaza kioo mtu akifungua tu, alimwomba mzee ashike ufunguo mmoja mbele ya kamera. Mzee Komeo hakuhitaji kufikiri. Alinyoosha mkono kwenye msumari wa katikati, akashusha nakala ya ufunguo wa nyumba ya Kipusa, wa shaba, ambao aliuchonga kwa wiki nzima binti yake alipohama. Alikuwa na tabia ya kuingia nao mchana Kipusa akiwa kazini, akakaza bomba linalovuja, akanywa maji, akarudi dukani. Chini ya picha yakaandikwa maneno yake mwenyewe: kwamba huu ni wa binti yake, na kwamba yeye huchonga ufunguo kwa kuuangalia tu.

Tovuti ikafanya kazi. Watu wakaanza kuja kutoka mitaa ya mbali, wanaingia wanaitazama kwanza picha kwenye simu, kisha wanautazama ubao, wanasema ndio huu. Mzee Komeo akanunua simu kubwa. Kila asubuhi kabla ya kufungua jiliwa alijitazama kidogo, mkono wake na ufunguo wake, na kichwa kikamvimba.

Mwezi wa pili tangu tovuti ifunguliwe, saa saba mchana, Nesi Mstaafu aliingia dukani bila kusalimia. Nyumba yake ilikuwa imesafishwa na mwizi. Redio, cherehani, mkufu wa mama yake. Mlango aliukuta umefungwa kama alivyouacha.

Mzee Komeo alikwenda mwenyewe. Alipiga goti, akamulika tundu la kitasa kwa kurunzi. Anayelazimisha kitasa huacha mkwaruzo, hata awe stadi namna gani. Hapo hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Ulisahau kufunga, dada yangu."

"Sijasahau kufunga mlango tangu nizaliwe," alisema Nesi Mstaafu, na akamtazama kwa namna ambayo hajawahi kumtazama.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya Bucha. Mchana vilevile, mlango umefungwa, kitasa hakina alama. Askari akaja dukani, mtu mpole wa kusema polepole, akatoa simu yake na kusoma kwa sauti. "Hapa pameandikwa unaweza kuchonga ufunguo kwa kuuangalia tu. Ni kweli, mzee?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Mzee Komeo alitamani kusema hapana.

"Ni kweli," alisema.

Askari akautazama ubao kwa muda mrefu, akaandika kitu, akaaga. Kuanzia siku hiyo watu walianza kuja mmoja mmoja kuomba nakala zao. Hawakugomba. Walisema eti wanazihitaji tu, wakatazama pembeni, wakaondoka. Ubao ukaanza kubaki na misumari mitupu, na Mzee Komeo akashindwa kula. Alikaa dukani kutwa, hakwenda popote, kwa kuhofia kwamba akionekana anatembea karibu na nyumba ya mtu itakuwa maneno.

Mama Pacha ndiye aliyemfumbua macho, bila kukusudia. Alikuja kuchukua ufunguo wake, na mzee alipokuwa anahangaika kuutafuta, akasema, "Ngoja nikuonyeshe ulipo." Akatoa simu, akafungua ile picha ya ubao, akatanua vidole viwili juu ya kioo. Picha ikakua. Akatanua tena, ikakua tena. Jina likajaa kiganja chake, na chini ya jina, ufunguo. Mzee Komeo aliuona una meno matano, la tatu fupi, la mwisho limelala. Angeweza kukaa kwenye jiliwa saa hiyo hiyo akauchonga. Na kama yeye angeweza, mtu yeyote mwenye tupa na subira angeweza. Na Mama Pacha anakaa wapi, hata mtoto wa chekechea angekuonyesha.

Alimpigia mtengeneza tovuti, na maskini mwanamke yule hakusema nilikwambia. Alisema, "Naziondoa picha sasa hivi," na kabla simu haijakatwa zilikuwa zimeondoka.

"Lakini mzee, aliyekwisha kuihifadhi anayo. Siwezi kumfikia." Ukasikika mlio wa vidole vyake kwenye kompyuta. "Kuna simu moja imefungua picha ya ubao mara nyingi sana, miezi yote hii. Halafu wiki mbili sasa haiangalii ubao tena."

"Inaangalia nini?"

"Ile ya juu. Ya mkono wako."

Mzee Komeo hakufunga duka. Alichukua kitasa kipya na bisibisi, akatoka mbio, mzee mzima, mshonaji akabaki anamshangaa.

Kipusa alikuwa nyumbani, siku yake ya mapumziko, amejifunga kanga kichwani anafagia. Alimfungulia, akamsalimia, akacheka kumwona anahema. Mzee alimkagua kuanzia kichwani hadi miguuni. Alikuwa mzima. Akashukuru kimoyomoyo hadi macho yakamlowa, akapiga goti mlangoni na kuanza kufungua skrubu, akasema tu kwamba kitasa hiki kimezeeka.

"Afadhali," alisema Kipusa huku akiendelea kufagia. "Ila baba, siku hizi umekuwa na tabia mbaya. Ukishakunywa maji unakiacha kikombe kando ya kitanda changu. Mara mbili sasa nakiosha mimi."

Bisibisi ikasimama.

"Na juzi ndiyo uliniudhi kabisa. Nilikuwa bafuni, nimewahi kurudi, nikasikia ufunguo. Nikakuita, baba, baba. Ukasimama hapo nje ya mlango wa bafu kimya muda wote ule, halafu ukatoka zako. Nini, ulikuwa umekasirika?"

Skrubu ya mwisho ilitoka. Kitasa kikamdondokea Mzee Komeo mikononi, akakigeuza kwenye mwanga. Hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Kipusa," alisema, "weka huo ufagio, ukae hapa karibu yangu. Mimi sijafika kwako tangu mwezi uliopita."