Kompyuta na Beseni la Mama

Kompyuta ililetwa hospitali ya kambi ikiwa imefungwa blanketi kama mgonjwa, wiki ileile kipindupindu kilipotujazia mahema. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikasema, na wauguzi wenzangu wakacheka. Kazi ya kuwaingiza wagonjwa humo nilipewa mimi, kwa kuwa nilijua kupiga taipu.

Nilikuwa na hofu moja tu: binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Tuliishi Makere kwa mama yangu, nami nilirudi huko kila jioni. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na nguo zangu zilishinda kwenye mahema yale. Sikumgusa mtoto kabla ya kuoga. Mama alinitengea beseni nyuma ya nyumba, na maji yaliyobaki kwenye ndoo yalikuwa ya kunywa. Nilimsihi ayachemshe.

"Maji ya chemchemi yetu?" aliniuliza. "Wewe umekua kwa maji gani?"

Daktari wetu, mgeni kutoka mbali, alitaka kompyuta imwonyeshe ugonjwa unaanzia wapi. Akawapanga wagonjwa kwa majina ya ukoo. Sasa sisi Waha, na Warundi vilevile, kila mtoto hupewa jina lake. La baba halimfuati. Mama na wanawe watatu waliolala hema moja, kwenye kioo walikuwa watu wanne wasiojuana.

"Wametawanyika," daktari akasema. "Hakuna chanzo kimoja."

Nilikasirika, nikamweleza majina yetu yalivyo, sauti imepanda kuliko adabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akajishika kichwa. "Basi tuwaulize wanateka maji wapi," akasema.

Nikaingia mahemani na kuuliza kitanda kwa kitanda. Wa kwanza kunijibu alikuwa mwanamke wa Kikongo aliyekuwa akimpepea mumewe.

"Bomba ya kambi ilikauka, mama. Tunaendaka kushota mayi kule chini, kwa chemchemi ya Makere."

Mkono wangu uliacha kuandika. Huyu mmoja tu, nikajipa moyo, wengine watataja kwingine. Wa kitanda cha pili akaitaja Makere. Mzee wa kitanda cha tatu hakuwa na nguvu ya kusema. Mkewe alimsemea, na ilikuwa ileile.

Mchana nilikaa nikayaingiza majibu yote, jenereta ikinguruma nje. Daktari akabonyeza, na Makere ikajipanga kutoka juu ya kioo hadi chini. Alipiga meza kwa furaha. "Tumekipata!" Mimi nilikuwa nimeshatoka mlangoni, sijaaga mtu.

Nilikimbia njia nzima. Beseni lilikuwa mahali pake, maji yake safi hata ungehesabu mikwaruzo ya chini. Nilipita nikielekea ndani, mama akanizuia kwa mkono.

"Oga kwanza, mwanangu. Mtoto amelala tu. Ameharisha kidogo tangu asubuhi, nami namnywesha maji."