Koti Lililotusimamisha

Daftari la Jumapili ile ninalo bado. Ukurasa wake una maneno machache ya penseli yaliyoandikwa gizani, mstari mmoja ukiwa umepanda juu ya mwingine: viatu, ngazi, mgongo, vifungo, hatuoni uso. Chini yake, kwa mwandiko mbaya zaidi: tumesimama. Kwa nini?

Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu hapa Bukavu, na kazi yangu katika klabu ya sinema ilikuwa kuandika. Mhadhiri wetu wa Kifaransa, ambaye ndiye aliyeianzisha klabu, hakutaka tuandike hadithi. Hadithi, alisema, hata aliyesinzia atasimuliwa na jirani yake njiani akirudi nyumbani. Alitaka niandike kamera imewekwa wapi, watu wamevaa nini, nani yuko juu na nani yuko chini. Filamu ikiisha alikuwa akinisimamisha mbele niyasome yote, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, ndipo watu waanze kujadili. Vilevile hakuruhusu filamu ielezwe kabla haijaonwa. Ulikaa, taa zikazimwa, ukatazama.

Tulikutana katika ukumbi wa parokia, saa tisa za alasiri, baada ya watu kula. Madirisha tuliyaziba kwa blanketi za rangi ya majivu, na palipokuwa na tundu mwanga wa ziwa uliingia kama sindano. Mbele tulitundika shuka mbili zilizoshonwa pamoja. Baba yangu ndiye aliyezishona, na kwa ustadi kiasi kwamba mshono hukuuona hata uso wa mtu ulipopita katikati yake.

Mwezi ule ruhusa ya klabu ilikuwa inakwisha. Wakati nchi yetu ilipoitwa Zaïre hapakuwa na mkutano wa watu kumi usio na karatasi ya chama tawala, na karatasi yetu mpya ilikuwa imekwisha kupigwa chapa; ilingoja sahihi tu. Mjumbe wa chama wa mtaa wetu aliiweka kwenye bahasha, akasema atakuja nayo mwenyewe, atazame tunachofanya, kisha aamue. Asipotia sahihi, projekta ingerudi kwenye kabati la mapadri na ukumbi ungefungwa Jumapili alasiri. Mjini palikuwa na sinema nyingine, ndiyo, lakini kule watu walikwenda kuona ngumi na mapanga, na taa zikiwaka kila mmoja alikimbilia mlango. Kwetu taa zilipowaka ndipo mambo yalianza.

Mjumbe alifika mapema. Alikaa mstari wa kwanza, katikati, bahasha mapajani. Alikuwa amevaa abakosti ya kahawia, lile koti la enzi zile lililofungwa vifungo hadi karibu na koo, lisilovaliwa pamoja na tai, kwa sababu tai ilikuwa imekatazwa kama kitu cha wakoloni. Koti lile lilishonwa na baba. Baba alikuwa fundi wa nguo katika mtaa wa Kadutu, na miaka ile cherehani yake haikushona karibu kitu kingine ila abakosti. Siku hiyo alikuwa ameketi mstari wa nne, nguo zake zina nyuzi mabegani. Nilikuwa nimemwomba mara nyingi aje, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza.

Hapa lazima nieleze desturi moja, maana bila hiyo kilichotokea hakieleweki. Kabla ya filamu yoyote tulionyesha kwanza mkanda wa habari kutoka Kinshasa. Muziki ulipigwa, Rais akatokea ndani ya abakosti yake akishuka kwenye ndege au akipanda jukwaani, na ukumbi mzima ukasimama na kupiga makofi mpaka picha yake ipite. Hakuna aliyetuambia tena tusimame. Miguu yenyewe ilijua.

Jumapili ile ndege haikuleta mkanda wa habari. Mhadhiri alijua tangu Ijumaa. Alichosahau ni kuwaambia watu. Zaidi ya hayo, filamu aliyoipata ilikuwa imezunguka misheni nyingi, na mwanzo wake ulikuwa umekatika: jina la filamu halikuwepo, majina ya waigizaji hayakuwepo. Taa zilipozimwa, tulitupwa moja kwa moja ndani ya picha.

Ngoma za kijeshi. Kisha viatu.

Viatu vyeusi, vikubwa kama mitumbwi, vikipanda ngazi ya mawe. Kamera ilikuwa imelazwa chini kabisa, kwenye ngazi ya kwanza, hivyo kila kiatu kiliponyanyuka kilifunika mbingu. Vilipofika juu vikasimama. Kamera nayo ikaanza kupanda polepole, bila haraka hata kidogo, kama mtu asiyethubutu kuinua macho: pindo la suruali, kisha mgongo wa koti. Mgongo ule haukuwa na mwisho. Haukuwa na mkunjo hata mmoja. Juu yake mabega yalinyooka kama dari. Mtu yule akageuka ubavu, jua likiwa nyuma yake, tukaona vifungo vikipanda kimoja kimoja hadi kooni, na kola imesimama wima. Tai hapakuwa. Uso ulikuwa kivuli tupu. Kisha kamera ikaruka hadi juu angani, ikatazama chini, na pale chini palikuwa na umati wa watu waliovaa sare ya rangi moja, wamejipanga uwanjani kama maharage yaliyoanikwa.

Nikasikia benchi zikilia. Watu walikuwa wanasimama.

Mjumbe alisimama wa kwanza, kwa kuwa alikuwa mbele. Nyuma yake mstari baada ya mstari ukanyanyuka, watu kama mia na hamsini, na makofi yakaanza, yale makofi yetu ya kipimo kimoja. Nami nilikuwa nimesimama. Daftari lilikuwa limeanguka, na sijui ni saa ngapi niliinuka.

Ndipo mtu yule kwenye shuka akaugeuza uso wake kwenye mwanga. Alikuwa mzungu mzee, amevaa miwani midogo ya duara.

Makofi hayakukatika mara moja. Yalipungua kama mvua inavyopungua kwenye bati, huku na huku, mpaka yakabaki ya mtu mmoja nyuma ambaye hakuwa ametambua. Watu wakaketi bila kutazamana. Mjumbe alikaa wa mwisho.

Nimeona filamu nyingi tangu hapo, na sijaona tena jambo kama lile. Mtu ambaye hayupo, katika mji ambao haupo, hajasema neno, hajaonyesha uso, alikuwa ametunyanyua sote kwa kutumia jozi ya viatu, koti, na mahali alipowekwa mwenye kamera. Niliokota daftari nikaandika yale maneno ya mwisho. Nilichohisi hakikuwa hofu, bado. Ilikuwa kama siku ya kwanza nilipoona umeme ukiwaka kwa kubonyezwa ukutani.

Hofu ilikuja filamu ilipoendelea, kwa maana yule mzee alikuwa mtawala wa mji wa siku zijazo, mji ambamo hakuna aliyeruhusiwa kuvaa rangi wala kuzungumza dirisha likiwa wazi, na kila dakika iliyopita alizidi kuwa mbaya. Aliwatenganisha watu na watoto wao. Aliwafunga watu kwa sababu ya nyimbo. Nami nilitazama kisogo cha mjumbe mstari wa kwanza, nikijua anafikiri nilichokuwa nafikiri mimi: mtu huyu tumempigia makofi.

Taa ziliwaka. Mhadhiri alikuwa kando ya projekta, uso wake umekauka. Wakati ule hakuna aliyeitwa bwana. Sote tulikuwa *citoyen*, wananchi, mkubwa na mdogo. Akasema kwa sauti ya kawaida kidogo kupita kiasi kwamba *citoyenne* mwandishi atatusomea.

Nilikwenda mbele nikasoma. Viatu. Ngazi. Mgongo. Vifungo. Hatuoni uso. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu, na kwa kuwa kwa mwaka mzima nilikuwa nimefundishwa kusoma hadi neno la mwisho, nikasoma na yaliyobaki: tumesimama, kwa nini.

Nilipofunga mdomo ndipo nikaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimemuuliza mjumbe wa chama, mbele ya watu mia na hamsini, kwa nini alisimama kumheshimu dhalimu na ni kitu gani katika dhalimu yule kilichomkumbusha mkubwa mwingine. Nikaona mkono wa mjumbe ukiigeuza bahasha, upande huu, upande ule.

Mstari wa nne mtu akasimama. Alikuwa baba.

Alianza kwa kuomba radhi kwamba hakusoma sana. Kisha akasema, kwa Kiswahili chetu cha Kadutu, kisicho na mapambo:

"Miye niko fundi ya nguo. Mambo ya filme siijue. Lakini ile koti naweza kuisema."

Mhadhiri akamwita papa, yaani mzee, akamwambia aseme.

Baba alikuja hadi mbele ya shuka, akaeleza kama anavyomweleza mwanafunzi wake mezani. Koti lile, alisema, lina kitambaa kigumu ndani, mgongo mzima, ndiyo maana halikunji. Mabega yamejazwa. Lakini ujanja uko kwenye kola na kwenye kwapa. Kola imesimamishwa juu hivi kwamba mvaaji hawezi kuteremsha kidevu. Atake asitake, anawatazama watu kutoka juu. Kwapa limekatwa chini sana, hivi kwamba mkono haupandi. Aliuliza kama tulimwona yule mzee, filamu nzima, akiinua mkono hata mara moja. Tukakumbuka, tukaona kweli hakuinua. Hata kikombe aliletewa mdomoni.

"Ile koti haikukatwa juu ya kuvaa," baba akasema. "Ilikatwa juu ya kuangaliwa. Na mwenye mashini ya picha alijua. Fundi alinyanyua kidevu, yeye akalala chini. Ni batu wawili walisikilizana. Sasa we uko hapa kwenye benchi, utafanya nini? Utasimama tu."

Nilisahau kuandika. Mwaka mzima mhadhiri alikuwa ametufundisha kamera na nguo kama masomo mawili, na baba, ambaye kabla ya siku ile hakuwahi kuona filamu katika ukumbi ule, alikuwa ameyafunga kwa uzi mmoja: kidevu kilichoinuliwa na jicho lililoshushwa ni kazi moja. Nilimtazama mtu niliyekula naye kila siku na nikahisi simjui.

Lakini mjumbe alikuwa bado hajasema. Akainuka polepole. Akaligusa koti lake la kahawia kifuani.

"Na hii yangu, papa? Ni we mwenyewe uliikata."

Swali lile lilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na mimi sikuuona.

Baba hakufikiri hata kidogo. Alimwendea, akamgeuza mgongo kwa watu kama anavyowageuza wateja wote, akamgonga viwiko.

"Nyanyua mikono, citoyen. Yote mbili. Juu, juu."

Mjumbe akanyanyua mikono. Akasimama vile mbele ya shuka nyeupe, mikono juu kama mtu aliyekamatwa, na koti lilipanda naye bila kuvuta popote.

"Munaona? Haikamate. Wakati wa kupima alinambia anapenda kucheza kwa ndoa. Nikamuachia kwapa. Yule muzee wa filme, kwa ndoa atakaa kwa kiti kama furushi."

Kicheko kilianzia kwa akina mama wa kwaya, upande wa kushoto, kikaenea. Mjumbe alicheka pia, mikono yake ikiwa bado juu. Nadhani alisahau kuishusha. Alipoishusha alimwambia baba, karibu kwa kulalamika, kwamba siri ya mteja haisemwi mbele ya batu. Kisha akatoa karatasi kwenye bahasha, akaiweka juu ya sanduku la projekta, akaomba kalamu. Nilimpa penseli yangu. Akaikataa, akangoja hadi ikapatikana kalamu ya wino.

Hakutia sahihi mara moja. Aliongeza mstari mmoja kwa mkono chini ya maandishi ya mashine, akausoma kwa sauti ili pasiwe na ubishi. Kuanzia siku ile, klabu itatangaza wazi: ukija mkanda wa habari, watu waambiwe wasimame, ikija filamu, watu waambiwe wakae, na wasiinuke hata akitokea nani. Ndipo akatia sahihi, akapiga mhuri aliokuja nao mfukoni.

Kazi ya kutangaza nilipewa mimi. Jumapili iliyofuata mkanda wa habari ulikuwepo, tukasimama, tukapiga makofi, tukaketi. Kisha nikaenda mbele ya shuka na karatasi mkononi.

"Sasa ni filme," nikasema. "Mukae. Hata mukubwa akitokea, musisimame."

Mtu mmoja nyuma akauliza kama ni mukubwa wa namna gani. Nilimtazama mhadhiri, mhadhiri akaitazama projekta. Nikajibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa, wa namna yoyote. Mjumbe, mstari wa kwanza, akatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa mstari wa karatasini ulikuwa wake na mhuri ulikuwa wake. Na kwa miaka yote ambayo klabu ile iliendelea kuishi, nilisimama mbele ya watu kila Jumapili alasiri na kuwaamuru, kwa idhini ya chama, wabaki wameketi.