Jina la Herufi Nne

Tarehe kumi na moja Novemba tulilipoteza jina la herufi nne. Mume wangu alikuwa amefariki tarehe mbili Agosti. Siku jina lilipoondoka hatukujua. Mimi nilikuwa chumbani nimekaa eda, nachambua mchele, na siku ikapita kama nyingine. Jina lenyewe sitaliandika hapa, kwa sababu sasa lina mwenyewe.

Mume wangu alikuwa mwandishi wa mabango mjini Lindi. Aliandika maduka, saluni, vyombo vya uvuvi, magari ya mizigo, kwa brashi na rangi ya mafuta. Alitoza kwa herufi, kwa hiyo mteja aliyekuja na jina refu mara nyingi aliondoka na jina fupi, na baadaye alirudi kushukuru, maana jina fupi linasomeka hata kutoka ng'ambo ya barabara. Miaka kadhaa nyuma mwenye nyumba moja ya wageni alimwomba aongeze, chini ya bango, anwani yake ya mtandaoni, yaani lile neno ambalo mtu analiandika kwenye simu ili afike kwenye ukurasa wa biashara yako. Ilikuwa ndefu mno, ikamaliza ubao. Mume wangu akamuuliza kwa nini hakuchagua fupi.

"Mafupi yamekwisha," yule mtu akamwambia. "Watu wameshayanunua, wameyakalia."

Alirudi nyumbani na habari hiyo na chakula hakikumpanda. Wiki hiyo alishinda na simu. Ijumaa baada ya swala akaniambia amenunua moja.

"Umenunua nini?"

"Jina."

"Liko wapi?"

"Haliko mahali. Ni langu mwaka mzima."

"Na mwaka ukiisha?"

"Nalipa tena."

"Basi umepanga, hujanunua."

Alicheka mpaka akakaa chini. Alisema amewaeleza wanaume watatu kijiweni, mmoja wao ana diploma, na mimi niliyeishia darasa la saba ndiye nimeielewa biashara. Tangu siku hiyo kila alipopata jina jipya alinieleza. Alisema ni kama kiwanja, ila wewe hujengi. Unakaa nacho, unalipia kila mwaka, mpaka atokee mtu anayetaka kujenga. Wengi hawatokei. Kwa miaka yote aliuza mawili tu. Moja alilichukua mnunuzi wa ufuta, na kwa pesa yake tuliezeka upande wa nyuma wa nyumba. Mengine kadhaa aliyaachia yakaenda, bila kununa.

Lile la herufi nne lilikuwa tofauti. Ni neno ambalo kila mtu wa pwani analitamka kila siku. Lilikuwa la mtu mwingine, mtu huyo akaacha kulilipia, na mume wangu akalisubiri miezi mpaka likaachiwa. Nilimuuliza kama hiyo ni halali, kuvizia kitu cha mtu. Akasema watu wa kampuni inayoyatunza majina wanamkumbusha mwenyewe, wanamngoja, wanamkumbusha tena, ndipo wanaliachia, na kama angemjua mtu huyo angemkumbusha yeye mwenyewe. Sikuridhika sana.

Kila jina lilikuwa na tarehe yake ya kulipiwa. Aliziandika kwa penseli kwenye kalenda ya ukutani tuliyopewa na duka la rangi, ile iliyo chumbani kwetu. La herufi nne lilikuwa tarehe ishirini na tisa Agosti.

Mwezi wa sita mtu wa Arusha aliandika mara ya pili kulitaka, na safari hii alikubali bei. Akaomba asubiriwe mpaka mwezi wa kumi, biashara yake iwe imesajiliwa. Mwezi wa saba mume wangu akalazwa. Siku mbili kabla hajafa alikuwa na akili zake zote. Alinishika mkono akasema, "Yule mtu akirudi, mwuzie. Pesa mpe binti. Sikumlea. Tarehe usiiache ipite."

Binti aliyemsema ni wa mke wake wa kwanza. Alilelewa Sudi kwa bibi yake mzaa mama, akaolewa huko huko. Baba yake alimpelekea sare za shule na viatu, si zaidi. Mimi naye hatukuwahi kugombana, na hatukuwahi kukaa pamoja zaidi ya siku mbili. Mimi sikujaaliwa mtoto.

Baada ya mazishi, siku ya tatu, kaka wa marehemu alikusanya vitu vya mdogo wake mbele ya watu wawili wa msikitini. Ndivyo inavyofanywa kwetu. Nguo, brashi, saa, simu, daftari, vyote vikawekwa kwenye sanduku, likafungwa kwa kamba, na hakuna wa kuvigusa mpaka warithi wakae pamoja. Sanduku likawekwa uvunguni mwa kitanda changu. Halikuwa na kufuli. Nilikuwa nalala juu yake.

Shemeji huyo ni mkulima wa korosho Kitomanga, mtu mwema, mwenye haraka. Alikuwa anakuja mjini kila wiki kuniangalia. Anakaa sebuleni, mimi nyuma ya pazia la mlango wa chumba, tunazungumza. Katikati ya Agosti nilimwambia.

"Shemeji, simu ya marehemu ina kazi tarehe ishirini na tisa."

"Kazi gani?"

"Kuna jina la kulipia."

"Jina linalipiwa? Langu nilipewa bure na marehemu baba, na nimelitumia miaka sitini."

"Ni yale majina yake ya mtandaoni."

"Shemeji, mtu ana wiki mbili kaburini. Tukianza kufungua sanduku kwa jambo moja, kesho litakuja la pili. Warithi wakae kwanza."

Nilipaswa kumwambia kwamba jina lile ni la binti, na kwamba marehemu alisema hivyo. Sikumwambia. Maneno yale niliyasikia peke yangu, hapakuwa na shahidi, na mke anayesimulia peke yake alichoagizwa na maiti nimeona wanavyomtazama. Kuna mjane mtaani kwetu alifungua kabati la mumewe kutafuta cheti cha hospitali tu. Mpaka leo wanasema alikuwa anatafuta kingine.

Tarehe ishirini na tisa ilipofika niliiamkia. Nilimaliza kuswali nikabaki kwenye mkeka, natazama kalenda. Namna ya kuifungua simu ile nilikuwa naijua, kidole kinapita njia yake kama herufi ya Z. Chaja ilikuwa mezani. Jinsi ya kulipia nilishamwona akifanya mara nyingi. Mchana nililivuta sanduku mpaka katikati ya chumba nikashika fundo la kamba. Kisha nikalirudisha. Niseme kweli, haikuwa kumcha Mungu tu. Niliogopa maneno.

Siku ya arobaini, baada ya kisomo, nilimwambia shemeji tena; tarehe ilishapita, lakini nilijua wanangoja kabla ya kuliachia. Alikuwa amechoka na watu, sahani zilikuwa bado hazijaoshwa. Akasema anakubali, sanduku lifunguliwe, lakini binti lazima awepo. Binti hakuwepo. Alikuwa amejifungua Sudi siku mbili kabla ya kisomo, mtoto wa kike, na kwa mila yetu mzazi hatoki nje mpaka siku zake arobaini ziishe.

"Tumngoje mwenzetu atoke," shemeji akasema. "Haki yake isije ikapita mgongoni mwake."

Alisema kwa nia safi kabisa. Basi tukawa wanawake wawili tuliokaa ndani, mmoja Lindi kwa ajili ya kifo, mwingine Sudi kwa ajili ya uzazi, na watu wa nje wanatusubiri sisi. Alipotoka katikati ya Oktoba mtoto akashikwa na kifua. Kisha minada ya korosho ikapamba moto na shemeji hakupatikana.

Binti na shemeji walikuja tarehe kumi na nne Novemba. Sanduku lilifunguliwa sebuleni, nami nikiwa upande wangu wa pazia. Simu ikawekwa kwenye chaji. Ilipowaka ilianza kulia, ikalia kwa muda mrefu, barua moja baada ya nyingine. Nikamwambia binti njia ya kidole. Akawa anasoma kwa sauti. Jina lako limebakiza siku kumi na nne. Jina lako limekwisha muda. Bado unaweza kulirudisha. Katikati ya hizo kulikuwa na ujumbe wa yule mtu wa Arusha, wa mwezi wa kumi: "Kaka, niko tayari." Na mwingine wiki moja baadaye: "Kaka, upo?" Barua ya mwisho ilikuwa ya siku tatu nyuma.

"Inasemaje?" shemeji akauliza.

"Limekwenda, baba mkubwa."

"Limekwenda wapi?"

"Kwa mtu mwingine."

"Kampa nani?"

"Hakupewa. Kalikuta halina mtu."

Kisha nikasikia sauti ya shemeji imegeukia pazia.

"Uliniambia, shemeji."

"Nilikuambia."

"Mara mbili."

"Mara mbili."

Wakaendelea na vitu vingine, nguo, saa, baiskeli. Shekhe aliyekuja kugawa alikuwa mtu wa taratibu na kazi ikaisha kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nasikia kila kitu na sikuwa nasikiliza. Nilijua kwamba nikinyamaza, hakuna mtu duniani atakayemwambia binti kwamba kile kilichopotea kilikuwa chake. Angerudi Sudi na fungu lake la halali na moyo mweupe. Nami ningebaki na siri hiyo.

Baada ya chakula aliingia chumbani kwangu kumnyonyesha mtoto. Alikaa kitandani, mimi nikakaa kwenye mkeka.

"Mwanangu, lile jina baba yako alisema ni lako," nikamwambia. "Yule mtu wa Arusha auziwe, pesa upewe wewe. Alinishika mkono akaniambia. Na aliniambia nisiiache tarehe ipite, nami nimeiacha. Sanduku lilikuwa hapa chini, halina kufuli."

Alimhamisha mtoto upande wa pili, akamtengeneza kichwa.

"Najua, mama mdogo."

Nilidhani hakunielewa. Nikaanza upya, akanikatiza kwa mkono.

"Baba alinipigia simu kutoka hospitali. Alinitajia jina, akanitajia na tarehe. Nilikuwa naijua tarehe ishirini na tisa kama wewe."

"Kwa nini hukupiga simu?"

"Nipige nisemeje? Kumuuguza sikuja, mimba ilinilaza. Kuzika nilifika watu wameshanawa mikono. Halafu nipige simu niulize mali? Mngesema nini?"

Nilikuwa najua tungesema nini. Shemeji asingesema, lakini wengine wangesema, na labda mimi ningewasikiliza.

"Kisha nikajifungua," akasema. "Kwa hiyo miezi yote hiyo mlikuwa mnaningoja mimi."

"Ndiyo."

"Na mimi nawangoja nyie."

Akacheka kidogo kwa pua, kicheko cha baba yake kabisa, ikabidi nitazame pembeni. Alilia baadaye, wakati mtoto ameshalala, bila sauti, akijifuta kwa ncha ya khanga. Nami nililia. Tangu Agosti nilikuwa nimelia mbele za watu kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, lakini siku hiyo ndiyo nililia.

Alipotulia aliichukua simu akaliandika lile jina tuone limekuwa nini. Ulifunguka ukurasa mtupu wenye mstari mmoja tu, unaosema jina hili linauzwa. Aliutazama, akanionyesha, akaufunga. Sijui kama aliyelichukua ni yule wa Arusha au ni mtu mwingine aliyekuwa analisubiri kama alivyolisubiri mume wangu. Sikutaka tumwandikie wa Arusha kumuuliza, na binti hakutaka.

Kisha akasimama mbele ya kalenda, akafuata penseli kwa kidole. Yalikuwa yamebaki majina matano. La karibu lilikuwa tarehe ishirini Novemba, siku sita mbele. Ni neno la herufi tano, si zuri kama lile.

"Hili nalo?" akauliza.

"Ni la wote sasa. Si langu kusema."

Akamwita baba yake mkubwa. Shemeji akaja akasimama nyuma ya pazia, nikaona vidole vya miguu yake, vyeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho. Binti alimweleza kwamba kuna jina lingine, na siku zimebaki sita. Nilitegemea atasema tukae kikao.

"Analipa nani?" akauliza.

"Yeyote. Ukiwa na namba ya malipo tu."

"Nisomee. Polepole, macho haya."

Binti akamsomea namba, tatu tatu, naye akawa anazirudia huku anabonyeza simu yake. Alikosea, akaanza tena. Simu ya marehemu ikalia mara moja mkononi mwa binti, akaisoma, akasema, "Imeingia."

Shemeji akavuta pumzi, akaomba maji ya kunywa, nami nikampitishia kikombe pembeni ya pazia.